Sweta Isiyofuliwa

Shamba la Glenorra
Jumapili, 28 Agosti 1949

Wifi yangu Ishbel,

Nimefika salama Jumatano na masanduku mawili na kofia moja, na kofia hadi leo sijaiona. Ross wako anasema amemwazima kuku. Kaka yangu aliniandikia kwamba watoto ni wapole na kazi si nyingi. Murdo hajawahi kusema uongo tangu azaliwe, kwa hiyo nadhani mchana huwa haingii ndani ya nyumba hii.

Miaka kumi na minne nimesimama dukani mjini nikiuza glavu kwa mabibi, sasa naamka alfajiri kuwasha jiko la makaa. Asubuhi ya kwanza nilifungua oveni niweke skonzi, nikakuta mwanakondoo amelala ndani ananitazama. Nilipiga ukelele. Murdo akasema kutoka mlangoni, "Usifunge oveni, Effie, huyo bado yu hai." Mimi niliyezaliwa jikoni humu humu nilikuwa nimesahau kwamba Agosti ikifika na majira ya kuchipua, oveni ni ya kondoo kwanza, ya watu baadaye.

Na sasa ni ya barua pia. Nesi wa wilaya amepita akaacha masharti: kila kitokacho huko sanatoria, kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kiokwe dakika kumi kabla watoto hawajakigusa. Basi mwanakondoo akitoka, wewe unaingia.

Noeline anakwenda shule na kurudi na matope yote ya bonde. Mwanakondoo wake wa maonyesho amempa jina Kifungo. Siku ya Wanyama shuleni ni tarehe 21 Oktoba, na ameshaamua kwamba utakuwepo. Kitindamimba wetu Jean hajambo kabisa. Anakula, analala, hana neno. Kuhusu huyo usiwe na wasiwasi hata chembe.

Wifi yako,
Effie


Sanatoria ya Otekura, Veranda ya Wanawake
4 Septemba

Wifi Effie,

Nimecheka mpaka nikakohoa, na nesi akanikataza kusoma barua zako kabla ya chakula. Vitanda vyetu viko nje verandani, mvua iwe, jua liwe. Jana theluji nyepesi ilianguka juu ya blanketi langu. Bibi wa kitanda cha jirani alisema angalau hatulipii maji. Wanasema hewa baridi ndiyo dawa.

Nashukuru umekuja. Najua uliacha nini. Nilipoolewa uliniambia, "Mtunze kaka yangu," na mimi nikaona huyu wifi ana maneno makali. Leo naona aibu.

Nikuombe machache. Kifungo apewe maziwa mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na Noeline amwite kila mara kwa sauti ile ile, maana waamuzi wa shule wanatazama kama mwanakondoo anakuja anapoitwa. Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, kuna sweta yangu ya kijani yenye vifungo vya mbao. Usiifue, tafadhali. Ndiyo niliyokuwa nikivaa nikimnyonyesha Jean, na siku waliponichukua niliivua na kuiacha pale. Sina sababu ya maana. Iache tu. Ross asivae soksi za sufu bila zile za pamba ndani, zinamwasha miguu naye hasemi, analia tu.

Sasa neno jingine, na hili umsomee Murdo faraghani. Picha ya eksirei imetoka mbaya. Pafu la kushoto limeoza zaidi ya walivyodhani. Daktari anataka kunitoa mbavu tano ili pafu hilo lilale na kupona. Imepangwa tarehe 26 Oktoba. Nilimuuliza ni wangapi wanaamka. Akaniuliza nina watoto wangapi. Sitaki watoto wajue, lakini ninyi wawili siwezi kuwaficha.

Ishbel


Shamba la Glenorra
11 Septemba

Wifi yangu,

Nisamehe kabla sijaeleza. Barua yako ilifika Jumatano, siku ya dhoruba ya barafu, wanakondoo watatu wako ovenini na wa nne yuko ndani ya buti la Murdo. Nikaibana barua yako nyuma yao. Mmoja akapiga teke, karatasi ikaangukia upande wa moto. Nilisoma vizuri mpaka soksi za Ross. Kuanzia hapo ni jivu. Murdo amenuna siku nzima kana kwamba nimechoma hati ya shamba. Kama kulikuwa na salamu, zihesabu zimefika.

Soksi za pamba anavaa. Kweli alikuwa analia, nami nilidhani ni ujeuri. Sweta iko pale pale msumarini.

Maua ya manjano yamechanua kando ya lango. Ross alichuma yote, akayapanga kwenye ndoo ya maziwa, akaniambia, "Haya ni ya Mama, akirudi Jumanne." Nilimuuliza Jumanne gani. Akasema Jumanne ile ya mwisho. Niliyahamishia kwenye jagi na sikumsahihisha.

Jean hajambo, anakula vizuri. Tuambie tu lini unakuja, tufagie.

Effie


Sanatoria ya Otekura
16 Septemba

Effie,

Usijali kuhusu barua. Hapakuwa na kitu pale chini, salamu tu.

Sidhani nitapata ruhusa kabla ya Siku ya Wanyama. Mwambie Noeline nitakuja baadaye kidogo. Mpe Jean busu shingoni, nyuma ya sikio la kulia, hapo ndipo anapocheka.

Ishbel


Shamba la Glenorra
25 Septemba

Kwa Mama mpendwa,

Shangazi amesema niandike mwenyewe na yeye hatasoma, kwa hiyo makosa ni yangu.

Kifungo ana meno. Nikimwita anakuja mbio mpaka ananiangusha. Ross alikula chakula cha mbwa lakini kidogo tu. Kuku mwenye kofia amepatikana, kofia imekufa.

Mama, kondoo mmoja alifiwa na mtoto wake chini ya mti. Baba alimchuna yule aliyekufa, ngozi yake akamvalisha mwanakondoo yatima kama koti, akatoboa matundu manne ya miguu. Yule mama mara ya kwanza alimpiga kichwa. Halafu akanusa mkia akaona ni wake, akamnyonyesha. Nilimshikia Baba kamba. Sikulia.

Basi Jean alikuwa hali kitu. Tangu Shangazi aje, siku nne hakunywa chupa, alilia mpaka sauti ikakauka, na nesi akasema atachukuliwa apelekwe hospitali ya mji. Ndipo Baba akaitoa sweta yako msumarini akasema, "Effie, vaa hii." Shangazi akasema, "Mimi si kondoo, Murdo." Baba akasema, "Jean hajui hilo." Shangazi akavaa. Jean akaweka pua hapa kwenye kola, akakaa kimya, kisha akanywa chupa nzima na nyingine nusu. Shangazi alilia ndani ya sufuria. Sasa anaivaa kila siku na Jean amenenepa, ana mikunjo miwili mapajani.

Na amesema neno lake la kwanza. Anasema Mama. Anamwambia Shangazi. Mimi namwambia huyo si Mama, Mama yuko Otekura, lakini yeye ni mdogo haelewi.

Njoo Siku ya Wanyama. Nitakuwa nimevaa utepe wa buluu.

Mwanao,
Noeline Rennie, miaka saba


Sanatoria ya Otekura
29 Septemba

Effie,

Uliniandikia mara mbili kwamba mtoto hajambo, anakula. Ukaniandikia kwamba sweta iko msumarini. Ilikuwa mwilini mwako.

Nilikuomba kitu kimoja. Sikuomba ukae na mume wangu vizuri, sikuomba upike vizuri, niliomba nguo moja iachwe ilipo. Hapa hatuna chetu. Hata vijiko vina namba. Nililala nikijua kwamba nyuma ya mlango ule kuna kitu kinachonukia mimi, na kwamba Jean akibebwa akipita pale atanikumbuka. Sasa harufu hiyo umejipaka wewe, na neno lake la kwanza umelichukua wewe. Wifi ni wifi, mama yangu alinionya.

Ivue. Mtoto yule ana mama. Akikuita hivyo, usiitike.

Ishbel


Shamba la Glenorra
12 Oktoba

Mama Noeline,

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kukuomba unioe, nawe ukanijibu kwamba kwa kawaida mwanamume ndiye anayeoa.

Wiki mbili hujaandika. Effie amenionyesha barua yako baada ya kumlazimisha. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemvalisha. Mtoto alikuwa anakufa njaa mbele yangu, na mimi najua njia moja tu ya kumfanya kiumbe ale kwa mwingine. Sikuwaza zaidi ya hapo. Effie alificha kwa sababu aliogopa utajilaumu, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwachisha ziwa ghafla. Nilimwambia sema kweli, akasema kweli haimponyi mtu pafu.

Sasa nikueleze yalivyo. Aliivua siku ile ile barua yako ilipofika, akaitundika. Jean husimama chini ya msumari ameshika mkono wa sweta, akichoka anakaa. Chupa anainywa nusu, akisaidiwa na Noeline. Mikunjo ya mapaja imekwenda. Na bado anamwita. Jana Effie alikuwa anamenya viazi, mtoto akamshika gauni kwa nyuma, "Mama. Mama." Effie hakugeuka. Lakini kisu kilisimama, na kile kiazi kilikaa mkononi mwake mpaka mtoto akaacha kuita na kwenda kukaa na mbwa. Nilitoka nje. Kuna kazi nyingi nje.

Dada yangu ni mtu wa kutii. Ukimwambia usiitike hataitika mpaka kiama. Mimi siwezi kutazama jambo hili siku nyingi, Ishbel.

Tuandikie. Kondoo waliobaki kuzaa ni wachache. Nisipopata barua kufikia wiki ijayo nitapanda treni.

Murdo


Sanatoria ya Otekura
17 Oktoba

Wifi yangu Effie,

Niliandika kwa hasira na hasira hasara. Nilitaka kuikimbilia barua ile, lakini gari la posta lilikuwa limeshaondoka, na kitandani hapa mtu hakimbii.

Ile mistari iliyoungua haikuwa salamu. Tarehe 26 mwezi huu watanipasua, watoe mbavu tano. Mwezi uliopita walipasuliwa wanne kwenye veranda hii. Wawili wamerudi vitandani mwao. Uliponiandikia kwamba barua imeungua, nilifurahi, Effie. Niliona kwamba huko kwenu nitaendelea kuwa mtu anayerudi Jumanne. Kwa hiyo wewe ulinificha, na mimi nilikuficha, na katikati yetu mtoto akakosa maziwa.

Ninaogopa. Nakuambia wewe kwa sababu Murdo akisikia atanyamaza na mimi sitajua nimfanyie nini.

Sasa nisikilize. Ivae tena. Ivae siku tatu, mbebe, mlishe, lala naye. Siku ya nne fanya anavyofanya Murdo. Huwa haachi ngozi ioze mgongoni mwa mwanakondoo. Yule mama akishazoea, Murdo anaikata kidogo kidogo, kwanza miguu, kisha mgongo, mpaka anabaki mtoto mwenyewe, na kondoo jike wala hashtuki, kwa sababu amekwisha kumjua. Vua hivyo hivyo. Kunja mikono leo, fungua vifungo kesho. Kisha ifue umpe mwenye shida, ni sufu nzuri bado.

Kuhusu jina analokuita, nipe siku chache. Sijafika hapo.

Ishbel


Shamba la Glenorra
Jumapili, 23 Oktoba

Wifi yangu,

Barua hii anakuletea Murdo mkononi, na kifurushi. Anapanda treni ya kesho asubuhi. Nilimsomea barua yako ghalani, akakaa juu ya gunia akavua kofia. Kisha akaniuliza shati lake zuri liko wapi.

Nilifanya ulivyosema. Siku tatu niliivaa. Jean alinikumbatia akiwa ameshika kifungo cha juu, na chupa zote alimaliza. Jana nilikunja mikono, jioni nikafungua vifungo. Leo asubuhi nilikaa jikoni na gauni langu mwenyewe la dukani, moyo unanidunda kama mwizi. Aliketi sakafuni akanitazama muda. Akatambaa mpaka kwenye mlango, akagusa ukuta chini ya msumari, hakuna kitu. Nikasema moyoni, Bwana, nimeshindwa. Kisha akageuka akaja, akajiinua kwa magoti yangu, akanusa mkono wangu hapa kiwikoni. Akapanda. Akala bakuli zima la uji wa shayiri, na mwingine akanipaka.

Sikufurahi, Ishbel. Nataka ujue hivyo. Nilimbeba nikalia kwa sababu yako.

Akiita, bado siitiki. Nasubiri neno lako.

Kifungo alipata utepe wa mshindi wa pili. Alikuja alipoitwa, lakini njiani alisimama kula maua ya mke wa mchungaji. Noeline alitazama lango mpaka mashindano yakaisha. Usiku huu Murdo amemweleza, kidogo tu, na yeye amekutumia utepe. Umo ndani ya kifurushi.

Na sweta imo. Sikuifua. Uliniambia niifue na safari hii nimekaidi kwa makusudi. Najua sheria ya huko, nguo ikiingia haitoki. Iache isitoke.

Nisamehe.

Effie


Nyumba ya wageni, Otekura
Ijumaa, 28 Oktoba

Effie,

Ishbel alifariki jana alfajiri. Aliamka kutoka kwenye upasuaji, akanijua, akauliza kama mvua inanyesha nyumbani. Nikasema hainyeshi. Moyo wake ukachoka.

Nguo zake zote wanazichoma, ndiyo kanuni. Niliwaomba sweta waache avae, na mkuu wa manesi akasema sawa. Nilifunga vifungo mimi mwenyewe. Kimoja kilikuwa na uji.

Watoto usiwaambie bado, nitawaambia mimi. Narudi Jumapili.

Aliandika barua yako siku moja kabla ya kupasuliwa. Nesi ameipitisha kwenye oveni yao. Haijaungua popote.

Murdo


Sanatoria ya Otekura
Jumanne, 25 Oktoba

Wifi yangu,

Murdo amefika. Amekaa hapa pembeni kwenye kiti kidogo na shati lililopigwa pasi vibaya, amelala, maskini. Ni saa tisa mchana na jua limefika mpaka miguuni mwangu.

Sweta nimeivaa juu ya gauni la hospitali. Nesi aliuliza kama aifue kwanza, nikamwambia asiiguse. Nimeinusa yote, mshono kwa mshono. Kwenye kola kuna Jean, maziwa na shingo yake. Mkono wa kushoto kuna uji. Mfukoni kuna moshi wa jiko, na sufu ya kondoo, na kitu ambacho nadhani ni Ross. Kuna sabuni yako ya mjini. Harufu yangu niliitafuta sana. Haimo tena. Nililia kidogo, kisha nikaona kwamba wote wamo isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyeivaa.

Utepe wa Noeline nimeufunga kwenye kitanda. Mwambie mwanakondoo anayesimama njiani kula maua na bado akafika, huyo amelelewa vizuri.

Ross akikuuliza Jumanne gani, mwambie ilikuwa leo. Mwambie nilikaa siku nzima juani nikimuwaza, na maua yake niliyapata.

Kesho wanakuja kunichukua saa mbili asubuhi. Nimeshaandika yote isipokuwa lile moja, na mkono umechoka, kwa hiyo naliandika sasa.

Akikuita, itika.

Ishbel